Isale Kwenye Mlango wa Stoo

Mwaka ule mtori wetu wa ndizi ulipikwa kwa viazi. Ukimwambia hivyo mtu wa Uru hakuulizi tena ulikuwa mwaka gani, anainamisha kichwa tu. Masika yalipita mbali na sisi, migomba ikasimama na majani yaliyochanika kama nguo za kichaa, na mikungu iliyotoka ilikuwa na vidole vyembamba, ukimenya unabaki na maganda. Hata mzazi aliyetoka kujifungua, ambaye kwetu hula mtori mpaka sketi ikatae kufunga, alipewa mtori wa viazi vya sokoni, akala huku anatazama ukuta. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa ulezi mtupu. Wazee waliinywa kwa heshima, si kwa hamu.

Ndio mwaka alioletwa mjukuu wangu.

Nasema aliletwa, maana hakuja mwenyewe. Alimleta baba yake, mwanangu wa kwanza, ambaye ana duka la vipuri vya magari Dar es Salaam. Binti alikuwa amemaliza chuo kikuu, akawekwa dukani kuangalia mahesabu, akayaangalia vizuri tu, halafu siku moja akamwambia baba yake kwamba anataka kuacha ili aandike kitabu. Kitabu! Baba yake alidhani ni malaria imepanda kichwani. Akampeleka hospitali, akampeleka kwa padri, kote akaambiwa mtoto mzima. Basi akamleta mlimani kwa bibi yake.

Alisimama katikati ya uwanja, hata kiti hajakalia.

"Mama, huyu anasema ana kazi yake. Mimi sijaona kazi ambayo mtu anaifanya siku akijisikia. Kaa naye. Nikija Krismasi ukaniambia anaifanya kila siku, kama watu wanavyofanya kazi, nitanyamaza na sitamgusa tena. Ukiniambia leo kaandika kesho kalala, nampakia kwenye gari, narudi naye dukani. Na wewe hunidanganyi."

"Sijawahi kukudanganya," nikamwambia. "Hata ulipozaliwa na ile sura, nilisema wazi."

Akacheka bila kutaka. Binti hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya gari ameshika begi lake kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Mwanangu huyo namjua. Mwaka aliofungua duka hakuja nyumbani Krismasi, na kwetu kutokuja Krismasi ni kama kufa bila kuaga. Aliagiza watu waniambie yuko dukani, hawezi kutoka. Fungu lake la nyama nililitundika juu ya moto jikoni, likakaa pale mpaka likawa jeusi kama kiatu. Kwa hiyo aliposema neno kazi nilijua anasema kitu anachokijua. Nilijua pia kwamba akikuta uzembe, hatamsikiliza bibi wala padri.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Nilitolewa kwa sababu ng'ombe alikuwepo na wa kumkatia majani hakuwepo. Kusoma nasoma, kuandika naandika. Haya nayaandika mwenyewe kwa mkono wangu, mezani jikoni, baada ya kukamua, na siku nyingine siandiki, nasema nimechoka. Basi ninapomsema mjukuu wangu, msidhani nimekaa kivulini namwangalia mtu anayelima juani.

Siku ya kwanza aliandika ratiba. Alichukua karatasi kubwa na kalamu za rangi, akachora mistari: kuamka, kunywa chai, kuandika, kupumzika, kuandika tena. Alikaa nayo kutwa. Ilikuwa ratiba nzuri kuliko kalenda ya kanisani. Akaibandika ukutani, tukaitazama wote wawili, tukaenda kulala. Kitabu chenyewe hakikuguswa.

Siku zilizofuata meza ilitembea kuliko mbuzi. Aliiweka barazani, akasema watu wanapita wengi. Akaiweka chini ya mparachichi, kunguru wakamchafulia karatasi. Akaileta jikoni, moshi ukamliza. Kila mahali alipokaa alikuwa na simu pembeni, na simu ile ilikuwa inamwita kama mtoto mchanga. Siku moja akaamua kuikomesha: akaizika ndani ya pipa la mahindi, chini kabisa, akafunika, akaweka na jiwe juu. Nikampongeza. Chai haijapoa nikamkuta ameingia pipani nusu nzima, miguu iko juu, anachimba.

"Unatafuta nini humo?"

"Nilitaka kuona saa, bibi."

"Saa iko ukutani."

"Ile haionyeshi ujumbe," akajibu kutoka ndani ya mahindi.

Ndio siku hizo niliposikia kwa mara ya kwanza lile neno lake. Ng'ombe alikuwa analia, majani yameisha, nikamwambia tushuke wote mpaka bondeni tukakate. Alikuwa amekaa mezani, mgongo umenyooka, kalamu iko juu ya karatasi.

"Siendi. Sijaandika leo."

Nikaona aibu kumsumbua. Nikachukua panga langu na kamba yangu, nikashuka, nikakata, nikapanda na mzigo kichwani huku nasema moyoni, leo mtoto anafanya kazi. Nilipopita dirishani nikachungulia. Alikuwa amelala, mdomo wazi, simu iko tumboni inapanda na kushuka kwa pumzi. Karatasi ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani.

Nililitua lile furushi nikacheka mpaka ng'ombe akanyamaza. Tangu siku hiyo neno lile likawa mchezo wa nyumbani. Nikimwita kula nauliza, "Unakuja, au hujaandika leo?" Kuku akikataa kuingia bandani, nasema naye hajaandika. Alicheka pamoja na mimi mwanzoni. Baadaye aliacha kucheka, na mimi nikaacha kusema, maana niliona macho yake.

Nikajaribu kumsaidia kwa akili zangu. Nikamwambia habari ya ng'ombe. "Ng'ombe hangoji ujisikie. Ukimruka kukamua, anakata maziwa. Amka ninapoamka mimi. Mimi nikamue wangu, wewe ukamue wako." Nilijiona nimesema jambo kubwa. Akaamka kweli, kabla jogoo wa jirani hajamaliza maneno yake, akakaa. Wiki nzima aliamka, na wiki nzima nilimkuta amelalia mkono, mate yamelowesha daftari.

Mwisho akaniambia, bila hasira, "Bibi, wewe ukikaa chini ya ng'ombe unajua maziwa yapo. Unaona kiwele. Mimi nakaa na sijui kama kuna ng'ombe."

Nikachukua ndoo yangu nikaenda kukamua. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumheshimu mtoto yule. Alikuwa anashindwa, lakini alikuwa anashindwa na kitu, si kama wale wanaokaa tu kijiweni na kusema mambo magumu.

Nyuma ya nyumba tuna stoo ya kahawa. Siku hizi kahawa yenyewe ni ya kuhesabu miti, stoo imebaki na magunia na ile mashine ya kumenyea iliyokula kidole cha baba mkwe. Akaniomba aifagie. Akaifagia, akaingiza meza, akakaa humo. Palimfaa. Tatizo likawa watu. Kwetu mtu haoni mlango akaupita. Jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke mwenye macho ya mwewe, alikuwa anakuja kila akiwa na nafasi, na yeye nafasi haimwishi.

"Hodi! Bado unasoma tu? Mtihani wa nini huo usioisha?"

"Siyo mtihani, mama. Naandika."

"Unaandika barua?"

"Kitabu, mama."

"Mmh. Na mchumba je?"

Hapo asubuhi imekufa. Na mtoto wetu amelelewa, hawezi kumwambia mtu mzima ondoka. Anasimama, anamtafutia kiti, anamchemshia chai. Jirani akitoka anapita kwa wenzake kusema binti wa watu ameachwa na mchumba huko Dar, ndiyo maana anajifungia na magunia.

Sasa hapa inabidi niwaambie habari ya isale wale msiolijua. Isale, au masale yakiwa mengi, ni mmea wa majani marefu ya kijani, tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Likipandwa chini ni mpaka, hata mlevi haliruki. Jani lake likikatwa na kufungwa fundo ni msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea isale, na huyo mtu, hata kama ulimchomea nyumba, hawezi kulikataa. Kulikataa ni kujiitia laana.

Mjukuu wangu alijua nusu ya hayo. Alijua kwamba penye isale watu hawapiti. Basi asubuhi moja akakata jani zuri pale mpakani, akalifunga fundo, akalitundika mlangoni mwa stoo, akaingia ndani na kufunga. Mimi nilikuwa nimeshuka Moshi mjini kuuza parachichi. Niliporudi nililiona, nikadhani ni pambo.

Lilikaa pale likaanza kunyauka. Kweli jirani aliacha kupiga hodi. Alikuwa anafika mpaka kwenye mgomba wa mwisho, anashika kidevu, anarudi. Mjukuu akafurahi. "Bibi, limefanya kazi!" Mimi nikashangaa tu kwamba jirani hanisalimii vizuri. Ananiitikia kama mtu anayetema mbegu.

Jumamosi mchana nikasikia nyimbo. Wanakuja wanajumuiya wa kanisani wakiimba, mbele yao shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wetu katika mambo ya ukoo. Amevaa koti. Nyuma yake kuna ndoo ya mbege.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina. Karibuni. Nani kafa?"

"Hajafa mtu," shemeji akasema, akakaa, akanyamazisha watu kwa mkono. "Shemeji, hatukuja kuuliza nani kamkosea nani. Tumekuja yaishe."

"Yaishe yapi?"

Jirani akadakia. "Isale linanyauka mlangoni! Msamaha wa watu unakauka, na sisi tunapita tunatazama kama hatujabatizwa! Mtoto wa watu kakuomba radhi, wewe umemwachia isale lake linaning'inia. Yesu na Maria! Moyo gani huo?"

"Mtoto yupi?"

"Huyo uliyemfungia stoo na magunia!"

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilitaka kucheka lakini hasira ilifika kwanza. "Shemeji, tangu nimeolewa humu, mimi nimewahi kukataa isale la mtu? Hata lile la dada yako, na alichonifanyia unakijua?"

"Shemeji, usirudi huko. Kubali. Mbege hii nimeinunua, na mwaka huu mbege si maji."

Kelele zile zikamtoa mjukuu. Alitoka na kalamu kwenye nywele na vumbi la kahawa mashavuni, akakuta watu wamejaa uwanja.

"Shikamoo babu. Shikamooni wote."

"Marahaba. Njoo hapa upige magoti mbele ya bibi yako."

Na akapiga! Mtoto wetu ni mtoto wetu. Alipiga magoti pale pale kwenye mavumbi, akaniinulia uso, akaninong'oneza, "Bibi, nimefanya nini?"

"Hata mimi nangoja kuambiwa," nikamjibu.

Ilichukua muda kueleweka. Alipofahamu akajifunika uso kwa mikono. "Babu, sikumkosea mtu. Niliweka mpaka. Isale si ndio mpaka?"

"Mpaka haufungwi fundo ukatundikwa!" Shemeji alikuwa amekasirika kama mwalimu. "Mpaka unapandwa. Cha kufungwa fundo ni msamaha. Nani kakufundisha?"

"Hakuna, babu. Dar hakuna masale."

Watu wakaangua kicheko. Jirani alicheka kuliko wote, ili watu wasahau ni nani aliyewaleta. Lakini shemeji hakucheka. Ni mtu wa kumaliza jambo alilolianza.

"Sasa mpaka wa nini? Humo ndani kuna shamba?"

Binti alikuwa bado amepiga magoti. Angeweza kusema mzaha na watu wakanywa mbege yao wakaenda. Akasema, "Lipo, babu. Ila silimi kila siku. Ndiyo tabu yangu. Nakaa na sifanyi, naahidi kesho, na kesho sifanyi. Baba akija Krismasi akikuta hivi atanichukua."

Kicheko kikafa chenyewe. Mimi nimeona watu wakikiri makosa kanisani, gizani, nyuma ya kitambaa. Sijaona mtu akisema udhaifu wake mchana kweupe mbele ya jumuiya nzima na jirani yangu akiwemo. Nilitaka kuwaambia, mnamwona? Huyo ni wangu.

Shemeji akanywa mbege kidogo, akakunja uso, ulezi ule. "Kapande," akasema. "Panda masale yako mbele ya hiyo stoo, watu watapita pembeni. Lakini usikie na hili. Shamba lenye mpaka lisipolimwa, aibu si yako peke yako. Ni ya kihamba kizima. Ukipanda, tutauliza."

Akapanda. Wanawake wa jumuiya walimkatia vipande kwenye mpaka wangu, wengine wakachimba, yeye akachomeka, mistari miwili kutoka mgomba wa mwisho mpaka mlangoni. Mkono wake ulikuwa wa mjini, jembe likamtoa malengelenge. Tukanywa ile mbege yote, mbaya vile vile.

Na hapo, jamani, ndipo mambo yalipogeuka, na si kwa akili yangu wala ya ng'ombe wangu. Yaligeuka kwa sababu ya midomo ya watu. Maana baada ya siku ile kijiji kizima kilikuwa na shamba ndani ya stoo yangu. Hakuna aliyevuka masale, hata jirani. Lakini walisimama nje yake wakauliza. Akipita na ndoo kwenda bombani mzee mmoja anamwambia, "Binti, jua limefika kwenye mgomba, hujaingia shambani?" Akienda dukani kununua chumvi muuzaji anauliza, "Leo umelima?" Jirani ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Akiona mlango umefungwa kwa nje anapaza sauti toka ng'ambo ya mfereji, "Shamba limelala! Magugu hayo!" Ukilala mahali kama hapo lazima uwe umekufa.

Usidhani alifurahi. Alinuna. Alisema ni kama kuolewa na kata nzima. Lakini aliingia. Aliingia akiwa amenuna, akaingia akiwa na mafua, akaingia siku mvua ya vuli ilipopiga bati mpaka huwezi kusikia unachofikiri. Mtu alipofiwa ng'ambo ya pili aliingia kwanza, akatoka, ndipo akaenda msibani na kisu chake akakaa na wenzake kumenya. Hakuna aliyemlaumu. Walimuuliza tu, "Umemaliza?" na kumsogezea beseni.

Siku moja alitoka mapema, uso umepauka. Nikamuuliza kulikoni.

"Mstari mmoja, bibi. Asubuhi nzima. Na wenyewe nadhani kesho nitaufuta."

"Sasa ulikuwa unafanya nini humo?"

"Nilikuwa nimekaa."

Nilitaka kusema neno, ulimi ulikuwa tayari kabisa. Halafu nikamkumbuka marehemu mume wangu. Yeye alikuwa akibeba mizigo ya wageni mlimani, miaka mingi, kabla mgongo haujamkataa. Watu walimuuliza kuhusu kilele, baridi, barafu. Mimi aliniambia ukweli. Kilele hakikumsumbua. Kilichomsumbua ni asubuhi ya pili, kuingiza miguu kwenye viatu vilivyolowa jana. Alisema wanaume wazima huviangalia vile viatu wakatamani kulia, na hakuna mgeni anayepiga picha hapo.

Nikamtazama mjukuu wangu, na uso wake ule uliopauka. Alikuwa anavaa viatu vilivyolowa kila siku ya Mungu, hana mlima wa kuwaonyesha watu, hana mgeni wa kumpa ahsante. Nikamwekea chai, nikamkatia ndizi mbivu niliyokuwa nimeiweka akiba mtu akiugua. Kwangu mimi kunyamaza ni zawadi kubwa.

Sikuwahi kusoma alichoandika. Sikuomba, naye hakunipa. Nilichokiona mimi ni mgongo. Kutoka jikoni kwangu, mlango wa stoo ukiwa wazi kupitisha hewa, unauona mgongo wake. Mwanzoni ulikuwa mgongo wa mtu anayengoja kuitwa. Kufikia Novemba ulikuwa umeinama kidogo kushoto, bega moja limeshuka, kama wa mwanamke anayepalilia ambaye hana habari na njia. Simu ilikuwa jikoni kwangu, kwenye kikapu cha vitunguu. Hakuna aliyeizika. Ililia, ikachoka yenyewe.

Mvua za vuli zilikuwa nzuri. Migomba ikarudisha shingo. Desemba ikaja, na mnajua Desemba ya kwetu: barabara ya Uru inajaa magari toka chini, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, watoto wasiojua Kichaga wanakimbizana na mbuzi. Tulipika mtori wa ndizi. Nilipoonja nilikaa chini.

Mwanangu alifika jioni na familia yake yote. Aliyaona masale kabla hajazima gari. Yalikuwa yameshika, yanang'aa.

"Mama, mpaka gani huo? Nani kakata kihamba?"

"Ni wa binti yako."

Akayaangalia muda mrefu. "Basi niambie. Tulikubaliana."

"Umesafiri, umechoka," nikasema. "Kula mtori. Kesho una macho, utaona mwenyewe."

Hakupenda, lakini akala. Binti alimsalimia vizuri, akamwandalia maji ya kuoga. Hawakusema kitu juu ya kitabu. Walizungukana kama watu wawili wenye jipu.

Kesho yake ndiyo Krismasi. Tulienda misa ya alfajiri wote. Tuliporudi wanaume wakachinja, na kwetu kuchinja si kula tu. Kila mtu ana fungu lake na lazima alipokee kwa mkono wake: la mama mkubwa, la shangazi, la wakwe. Anayegawa ni mzaliwa wa kwanza, naye ni mwanangu. Wamesimama wote uwanjani, shemeji yuko kwenye kiti chake, kisusio, ile supu ya damu, kinachemka, watoto wanapigania mkia. Mwanangu ana kisu mkononi na mikono ya shati imekunjwa. Akagawa, akagawa, akafika kwenye fungu alilokuwa ameliweka pembeni, juu ya jani la mgomba. Kipande kizuri cha ini. Nikajua ni la nani. Mtu mwenye kiburi kama mwanangu hasemi yaishe kwa mdomo, anakata ini.

"Binti yangu yuko wapi?"

Hakuwepo. Alikuwa amebadilisha nguo za kanisani na kupotea.

"Mwiteni."

Akaenda shangazi yake. Alifika kwenye masale, akasimama, akaita mara nyingi, akarudi amevimba. "Haitiki. Mtoto hana adabu, kaka. Dar mmemharibu."

Mwanangu akageuka kwangu. "Mama, nenda wewe. Wewe hawezi kukukataa. Na atakachosema uniletee kama kilivyo."

Nikaenda. Nilipita katikati ya masale yake, na magoti yangu haya, nikafika mlangoni. Ulikuwa wazi. Nikauona mgongo, umeinama kushoto. Kalamu inakwenda, inasimama, inakwenda.

"Baba yako anakuita," nikasema. "Wote wamesimama. Amekukatia ini, kwa mkono wake."

Kalamu ikasimama. Nikamwona anavuta pumzi, na sikio lake, lile la kushoto, likawa jekundu kama alivyokuwa akiwa mdogo anataka kulia. Alijua anachokiweka mezani. Duka lilikuwa pale uwanjani, limevaa shati la Krismasi, limeshika kisu. Hakugeuka. Akanijibu, na kalamu ikaanza kwenda tena kabla sijaondoka.

Kutoka stoo mpaka uwanjani si mbali, lakini nilitembea polepole. Mimi ni mama, najua kulainisha neno. Ningeweza kusema anakuja, ameshikwa na tumbo, anavaa. Ningeweza kulipaka samli mpaka likateleza lenyewe. Lakini niliombwa nilete kama lilivyo, na kusema kweli sikutaka kulipunguza hata kidogo. Nililibeba kama mtu aliyebeba kitu chake.

Wote walikuwa wananitazama. Jirani naye alikuwa amefika, amesimama kwenye ukingo wa mfereji, shingo ndefu. Nikamwendea mwanangu mpaka karibu, huyo ambaye fungu lake niliwahi kulitundika juu ya moto likawa jeusi kama kiatu, nikamtazama machoni, nikamwambia kwa sauti ambayo hata wa ng'ambo waliisikia:

"Siendi. Sijaandika leo."